Fonti za brashi kwenye maneno ya Kiswahili: pa kuangalia kabla hujakata

Fonti za mwandiko wa brashi huuzwa kwa picha. Neno fupi la Kiingereza limelazwa kidogo, mkia wa herufi ya mwisho umezunguka chini ya neno zima, na ukingo una michirizi kama brashi iliyoanza kukauka. Neno lile halikuokotwa tu. Lina l, t au h zinazopanda juu, lina t mbili au l mbili zilizochorewa umbo lake, na aliyechora fonti amelijaribu mpaka likakaa. Wewe unapakua fonti ileile, unaandika "Tunamwamini Mungu", unapata vijiti vimepangana kama ua wa fito. Fonti si mbovu. Ilichorwa kwa kusikiliza lugha nyingine.

Ndiyo maana fonti ijaribiwe kwa Kiswahili kabla hujailipia, na bila kukosa kabla plota, ile mashine ya kukata kwa kisu, haijagusa vinili, yaani plastiki nyembamba ya stika. Maduka mengi yana kisanduku cha kuandikia maneno yako. Bandika hii humo:

Mzee Mwinyi wa ng'ambo, njoo asubuhi hii saa tatu na wajukuu: Khadija kapika vitumbua, Fatuma chai safi, Zuhura bado kalala.

Sentensi haina maana kubwa, lakini ina kila herufi ndogo tunayoitumia, ina irabu pacha zote tano, ina ng', ina kh na ch. Q na x tunaziacha, hazituhusu. Sasa angalia mambo haya.

La kwanza ni vijiti. M, n, u, w na i kwenye mwandiko wa brashi zote hutoka kwenye mpigo mmoja: juu chini, juu chini. Kiingereza kina herufi hizo pia, lakini hazijazani kama kwetu, maana sisi tuna mw-, ni-, wa-, -ana, -ni, na kitenzi kimoja kinaweza kuzibeba zote. Tazama w inavyomalizika. Ikiwa na kifundo au kikulabu juu upande wa kulia, neno litasomeka. Ikiwa ni u mbili zilizogandana, "mwanamwinyi" itakuwa fumbo. Tazama pia n na u: upinde wa n uwe wa mviringo juu, na u iwe wazi juu. Kuna fonti za madoido ambazo n na u ni umbo moja lililogeuzwa. Hizo ziache kabisa, hata zikiwa za bure.

La pili ni irabu pacha: saa, mzee, hii, njoo, wajukuu. Mkono wa mtu hauandiki o mbili zinazofanana kama sahani za seti moja. Fonti nzuri ina maumbo mawili au matatu ya herufi moja na huyabadilisha yenyewe kulingana na jirani. Aliyesoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu hahitaji maelezo marefu hapa: herufi ile ile ina umbo la mwanzo, la kati na la mwisho. Fonti ya Lobster ya mchoraji Pablo Impallari, iliyotoka 2010, ilijengwa juu ya wazo hilo, herufi zinabadilika ili zikutane vizuri badala ya kulazimishwa. Shida ni kwamba fonti nyingi zimechorewa maumbo pacha ya ll, tt, ss, ee na oo, kisha basi. Aa na uu utazikuta zimeachwa. Usiitupe fonti kwa hilo, ila ujue kwamba hizo utazirekebisha kwa mkono.

Maumbo mbadala hayo mara nyingine yamo ndani ya fonti lakini programu imeyazima. Microsoft Word ni mfano: bonyeza Ctrl+D, nenda kwenye kichupo cha pili cha dirisha la fonti, uwashe mwenyewe viunganishi vya herufi na maumbo yanayofuata jirani. Inkscape, programu ya bure ya kuchorea, ina kichupo cha vipengele vya fonti kwenye dirisha lake la maandishi, Shift+Ctrl+T. Illustrator ina paneli inayoonyesha herufi zote zilizomo. Kwenye programu zisizo na njia hizo, fungua jedwali la herufi la Windows, chagua fonti, nakili mkia au herufi unayoitaka, uibandike. Hilo linawezekana tu ikiwa mchoraji ameipa kila herufi ya ziada namba yake. Wauzaji wengi hulitaja kwenye maelezo ya bidhaa, nawe usinunue fonti ya mikia kabla hujalisoma.

Sasa ng'. Hapa ndipo kazi nyingi zinapochafuka. Kwanza hakikisha fonti inayo alama yenyewe. Fonti za majaribio hutolewa na herufi A hadi Z tu, na ukiandika ng'ombe programu huazima kikoma cha juu kutoka Arial bila kukuambia. Ukitazama haraka huoni. Ukikata kwa sentimita kumi utakiona kijiti chenye kona za mraba kimekaa katikati ya mwandiko wa brashi. Pili, hata alama ikiwepo, ina nafasi yake ya upana. Mkia wa g unapanda kulia kuitafuta herufi inayofuata, unakutana na nafasi tupu, o inaanzia mbali. Neno linakatika vipande viwili.

Dawa yake ni nyepesi. Andika neno bila kikoma: "ngombe". Acha g ishike o vizuri. Kisha andika kikoma peke yake kwenye kisanduku kingine, ukiweke juu ya ule mshono wa g na o, kikiinama kwa ulalo uleule wa herufi. Urefu wake usizidi nusu ya urefu wa o. Usifanye uvivu wa kukiacha: ng'oa na ngoa si neno moja, na bango likishatundikwa kila mpitaji ni mhariri.

Herufi kubwa nazo zina adabu zao. Kwenye fonti za mwandiko, herufi kubwa imechorwa iongoze neno, si kusimama na wenzake. "KARIBU SANA" yote kwa herufi kubwa za brashi haisomeki, na ni kosa lililoenea mno kwenye mabango ya sherehe. Andika "Karibu sana". Chunguza K, maana kwenye baadhi ya fonti inafanana na R au H, na J inayofanana na I au T. Kwa majina ya watu hili si la kupuuza; kadi inayosomeka "Iuma" badala ya Juma hairudishiki kiwandani.

Kadi za harusi na za michango

Kwenye kadi, brashi ni ya majina na labda neno moja la kichwa. Mengine yote yaandikwe kwa herufi za kawaida zilizosimama. Kwenye kadi ya A5 majina ya maharusi yakae kati ya pointi 36 na 48, maelezo kwa pointi 10 au 11. Kadi ya mchango ina namba za simu, kiasi, tarehe ya mwisho na majina ya wanakamati: hapo hata tarakimu moja isiandikwe kwa mwandiko. Moja na saba zikifanana, pesa inakwenda kwa mtu mwingine.

Siku hizi kadi nyingi husafiri kwa WhatsApp kabla ya kuchapwa, na nyingine hazichapwi kamwe. WhatsApp huibana picha, na kinachopotea kwanza ni mistari myembamba. Fonti yenye nywele nyembamba na matumbo mazito, mfano Great Vibes, ni nzuri kwenye karatasi lakini kwenye simu ya kioo kidogo nywele zinafutika na herufi zinabaki mabaka. Kwa kadi ya simu chukua brashi nene kama Pacifico, au tuma faili kama hati badala ya picha. Usiweke maandishi meupe ya brashi juu ya picha ya maua. Weka kipande cha rangi moja nyuma yake, hata kama ni cha giza hafifu.

Nafasi kati ya herufi iwe sifuri. Violezo vya Canva, programu ya usanifu ya mtandaoni, mara nyingi huja na nafasi iliyotanuliwa kwa sababu fonti ya awali ilikuwa ya herufi zilizosimama. Ukibadilisha fonti, nafasi hubaki, na mwandiko unakatikakatika kama shanga zilizotoka uzi. Vilevile usinyooshe aya kushoto na kulia.

Kukata vinili na kuchoma akriliki kwa leza

Kosa moja linakula vinili zaidi ya yote: kupeleka maandishi kwenye plota kabla ya kuyaunganisha. Macho yanaona neno moja, mashine inaona herufi saba zilizolaliana. Inakata kila herufi mzunguko wake, na kila mshono unapata mikato miwili inayopita katikati ya neno. Ukibandua, vipande vidogo vya kwenye mishono vinaondoka na mabaki, yaani vinili ya pembeni isiyotakiwa.

Kwenye Inkscape utaratibu ni huu: geuza maandishi yawe umbo kwa Shift+Ctrl+C, tenganisha kundi kwa Shift+Ctrl+G, kisha unganisha yote kwa Ctrl na alama ya kujumlisha. Hifadhi nakala ya maandishi ya awali pembeni, kwa sababu ukishageuza huwezi tena kurekebisha tahajia. Kisha tazama kwa mwonekano wa mistari mitupu: ukiona mstari wowote unaokatiza ndani ya neno, hujaunganisha. Programu za mashine ndogo za kukatia, Cricut na Silhouette, nazo zina amri ya kuunganisha. Kwenye hizo punguza kwanza nafasi mpaka herufi zigusane, halafu unganisha.

Pili ni wembamba. Stika ya kawaida ya vinili isiwe na sehemu nyembamba kuliko mm 1. Chini ya hapo kisu kinaiburuta badala ya kuikata, au haitaki kubaki ilipo unapobandua mabaki. Ukilazimika kutumia fonti nyembamba, inenepeshe kidogo baada ya kuiunganisha, kwa Ctrl na mabano ya kufunga kwenye Inkscape, mpaka sehemu nyembamba kuliko zote ifike kipimo hicho. Chunga matundu ya a, e na o yasizibe, hasa a, kwa kuwa a ndiyo iliyojaa katika maneno yetu.

Tatu ni ile michirizi ya brashi kavu iliyokuvutia dukani. Ni mizuri kwenye karatasi na kwenye vikombe vinavyochapwa kwa sablimesheni, yaani wino unaohamishwa kwa joto. Kwenye vinili ni adhabu. Kila mchirizi una nukta mia za ukingo, plota inagugumia, na vipunje vya nusu milimita vinang'oka pamoja na mabaki. Kaushan Script ina ukingo wenye ukavu kidogo na bado inakatika vizuri kwa ukubwa wa kutosha. Zenye michirizi mikali zaidi zirahisishe kwa Ctrl+L ya Inkscape mara moja au mbili, futa vipande vilivyojitenga, au chagua nyingine. Na fonti zile za rangi zinazobeba picha ya wino ndani yake hazikatiki kabisa, maana hazina ukingo wa kufuatwa na kisu.

Kwa fulana, geuza neno kama kwenye kioo kabla ya kukata. Vinili nyingi za joto, zile zinazobandikwa kwenye nguo za pamba kwa pasi au mashine ya joto, huchukua nyuzi 150 hadi 160 kwa sekunde 10 hadi 15, lakini fuata karatasi ya mtengenezaji, si kumbukumbu. Kwenye mwandiko, bandua plastiki ya juu polepole ukifuata ulalo wa herufi. Ukivuta kinyume mikia ndiyo inayonyanyuka kwanza.

Kikombe kina ujanja wake. Mzunguko unaruhusu picha ya karibu sm 20, ila jicho linaona upande mmoja tu. Neno likizidi sm 8 linapinda nje ya uso na msomaji anaona "Mama Mwana" badala ya jina zima. Gawa mistari miwili.

Vibango vya keki na majina ya ukutani ya akriliki (plastiki ngumu kama kioo) au plywood ya mm 3 vinadai fonti nzito zaidi, sehemu nyembamba isipungue mm 2.5 au 3. Nukta za i na j hapo hazina pa kushika. Kiswahili kina nukta nyingi: "Hongera Mwajuma" unayo moja, "Karibuni nyumbani" unazo tatu. Njia tatu zipo: kushusha nukta mpaka iguse herufi, kuiunganisha na mkia wa herufi ya jirani, au kuikata kando na kuigundisha ukutani baadaye kwa kutumia karatasi ya kipimo. Kwa keki ni ya kwanza tu, nukta haielei hewani. Mikia mirefu ya mwisho wa neno nayo huvunjika mkononi. Ipinde irudi iguse chini ya neno, iwe na nguzo mbili.

Neno kuhusu leseni. "Ya bure" ina maana nyingi. Fonti nyingi zinazopakuliwa bure ni za matumizi binafsi, na kikombe unachouza si matumizi binafsi. Kuigeuza iwe umbo hakuondoi leseni. Ukitaka usingizi mzuri, anza na zilizo chini ya leseni ya SIL Open Font, ambazo unaweza kuzitumia kwenye bidhaa za kuuza: Pacifico ya Vernon Adams, Kaushan Script, Dancing Script, Great Vibes, zote zipo Google Fonts. Kinachokatazwa ni kuuza fonti yenyewe peke yake.

Ubao wa kupaka kwa mkono

Fonti hizi zilitoka kwa mafundi wa mabango. Brush Script ya Robert E. Smith ilitolewa na American Type Founders mwaka 1942, na Mistral ya Roger Excoffon ikafuata Ufaransa mwaka 1953, herufi za kuchapia za madini ya risasi zilizojifanya mkono. Kuirudisha fonti kwenye brashi ni kuirudisha kwao, na ni njia rahisi kwa asiye na plota.

Tuchukue ubao wa paini wa sm 60 kwa 25 wenye maneno "Mgeni njoo, mwenyeji apone". Mistari miwili, maandishi yasizidi upana wa sm 50. Angalia maneno yenyewe kwanza. Mstari wa juu una mikia ya g na j. Mstari wa chini hauna hata herufi moja inayopanda, hakuna l, k, b, h wala t. Kinachopanda ni nukta za "ji" tu. Kwa hiyo mistari inaweza kusogezwa karibu sana, karibu kuliko Kiingereza kingeruhusu, na ubao ukaonekana kitu kimoja. Lakini ukiweka yote katikati, mkia wa j ya "njoo" mara nyingi unaangukia karibu na nukta zile. Sogeza mstari wa juu kushoto sm 2 au 3, mkia utue juu ya "ye". O mbili za "njoo" zitofautishe: ya pili ipunguze asilimia tano na uizungushe kidogo. Koma ya baada ya "njoo" iondoe, mstari ukikatika hapo unatosha.

Chapa kwa ukubwa halisi kwenye A4 mbili zilizolazwa, zigundishe. Piga ubao msasa namba 120 kisha 220, upake rangi ya maji mara mbili, ukauke usiku kucha. Toboa karatasi kwa sindano kufuata ukingo wa herufi, tundu kila mm 2 au 3, ukiwa umeiweka juu ya kitambaa kinene. Geuza, sugua nyuma kwa msasa 220 ili matundu yafunguke. Saga mkaa uwe unga, ufunge kwenye kitambaa cha pamba, shikiza karatasi kwa tepu pande nne, gongagonga juu ya matundu. Usiburute, unga utapenya chini. Ubao ukiwa wa giza tumia unga wa chaki.

Sasa brashi: ya duara, nywele laini ndefu, namba 6. Rangi iwe kama mtindi uliopigwa. Ikiwa nzito itakwama kwenye kona, ikiwa nyepesi itachuruzika kwenye m. Hapa wengi wanaharibu: wanachora ukingo wote kwa nukta, kisha wanajaza ndani kama kitabu cha watoto cha kupaka rangi. Matokeo yake herufi zinakuwa bapa na kingo zinatetemeka. Nukta ni ramani, si ukuta. Mpigo wa kushuka bonyeza brashi ijitanue, wa kupanda inyanyue mpaka ncha tu iguse, na kila mpigo umalize bila kusimama katikati. Ukipita nje ya nukta milimita moja hakuna atakayejua. Kwa michirizi ya mwisho wa herufi, futa brashi kwenye kitambaa mpaka karibu ikauke, uvute mara moja.

Rangi ikikauka kabisa, futa mkaa kwa kitambaa laini kikavu. Kikavu, si cha maji. Unga ukibaki, brashi ya vanishi itausambaza, na ubao mweupe utapata kivuli cha kijivu kuzunguka kila herufi ambacho hakitoki tena ila kwa msasa.